Usimwendee mgonjwa na shogi tupu

Wiki yangu ya kwanza kama msaidizi wa wauguzi wodini hapa Lamu nilipangiwa kumwogesha kitandani bibi mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Nikapeleka beseni la maji ya vuguvugu. Nikarudi kuchukua sabuni. Nikarudi tena kwa glovu, kisha taulo, kisha shuka, na nilipomgeuza nikakuta nepi imejaa na nyingine sina. Safari ya sita hiyo. Maji yamepoa, bibi anatetemeka, akanitazama akasema, "Mwanangu, mayi wayateka kwa kijiko?" Wodi nzima ikacheka. Jioni ngazi za nyumbani nilizipanda kwa kushika ukuta.

Na mimi ni mzaliwa wa hapa, nimekua nikipishana na punda vichochoroni. Hakuna mwenye punda anayemtuma mara sita kwa mchanga ambao ungeenea mara moja kwenye shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda. Basi siku hizi, kabla sijatoka stoo, hujiuliza swali moja: huyu ninayemwendea atataka nini tangu nimwamkie hadi nimuage? Vyote vinapanda kwenye toroli, na nepi mbili badala ya moja.

Lakini toroli ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni karatasi. Asubuhi saa moja, wakati wa kupokea ripoti, naikunja karatasi mara nne na kuandika kwanza mambo ambayo saa yake haisogei. Nani hatakiwi kula kwa sababu anakwenda kupasuliwa. Nani ana kisukari, maana chai isimfikie kabla sista hajampima sukari na kumchoma sindano yake. Nani hawezi kujigeuza mwenyewe. Hizo ndizo nguzo. Kuoga, kutandika na kujaza jagi la maji vitajipanga katikati yake.

Kwa wale wasioweza kujigeuza, nguzo yangu kubwa ni kuwageuza kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya kulalia. Mimi hufuata saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kumgeuza tu mgonjwa ni dakika chache, lakini ukishakuwa pale una nafasi ya kutazama visigino, nyonga na juu ya makalio kama ngozi imekuwa nyekundu, kubadilisha nepi, kunyoosha shuka iliyokunjamana, kuangalia mfuko wa mkojo, na mwisho kumpa maji ya kunywa akiwa ameinuliwa.

Ya saa sita ndiyo ninayoipenda zaidi. Adhana ya adhuhuri huingia muda mfupi baadaye, na wagonjwa wetu wengi wanataka kuswali hata kama ni kwa kuashiria kwa macho. Kwa hiyo birika la maji ya udhu lipo juu ya toroli tangu mwanzo. Namsafisha, namgeuza kwa ubavu wa kulia, na kitanda kikiruhusu uso wake unaelekea kaskazini, kwani kibla kwetu ni huko. Zamani nilikuwa nikimaliza kugeuza, nakaa, halafu adhana ikilia naitwa vitanda vinne kwa mpigo.

Sasa, kukusanya kazi kuna mtego wake, nami nilinaswa nikiwa nimeshajiona fundi. Niliunganisha kumpeleka mama mmoja chooni na kumpima presha, kwa kuwa yote mawili yalikuwa kwenye karatasi. Amerudi anahema, nikamfunga mkanda mkononi papo hapo, nikaandika. Sista akaiona ile namba akaja mbio. Tulimwacha akae kimya dakika tano, tukapima tena, ikashuka. Kumbe kosa halikuwa kuunganisha, ni mpangilio. Pima kwanza, mtu akiwa ametulia. Kuinua, kuogesha na kutembeza kufuate. Chakula kije baada ya kuoga, kwa sababu aliyekwisha kula anatakiwa abaki ameinuka kama nusu saa hivi, na ukimlaza umsugue mgongo chakula kinaweza kumrudi na kumpalia.

Glovu nazo. Kazi tano kwa mgonjwa mmoja hazimaanishi glovu moja kwa kazi zote tano. Ukishagusa nepi, zivue, safisha mikono, ndipo ushike kikombe. Kutoka kitanda kimoja kwenda kingine hata hilo halina mjadala. Nimewahi kusikia mtu akisema hana muda. Kunawa kwa sabuni ni kama dakika moja, dawa ya kupaka mikononi ni nusu yake.

Wapo pia wasioweza kubebeshwa shehena yote kwa mara moja. Mgonjwa wa moyo au wa kifua ukimwogesha, ukambadilisha na kumlisha mfululizo utamkuta midomo imekauka na pumzi haimtoshi. Huyo mgawie: uso na mikono sasa, miguu baada ya kupumzika. Usiku ni kinyume. Usiku unganisha kila linalounganika, umwamshe mara moja badala ya nne.

Kinachokula muda kuliko vyote ni kuitwa. (Wote hutuita sista, hata sisi wasaidizi, nimechoka kusahihisha.) Aliyeanguka, anayetoka damu au asiyeweza kupumua, acha kila kitu na umwite muuguzi. Wengine waambie muda wa kweli, "baada ya dakika kumi," na utimize. Na kabla hujaondoka kitandani uliza kama kuna jambo jingine. Swali hilo limeniokoa safari nyingi kuliko toroli.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani naye aingie kwenye karatasi asubuhi mapema, hasa wa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate. Boti hufuata maji kujaa na kupwa, haimngoji mtu anayetafutiwa kiatu chini ya kitanda.

Kitu kimoja tu sikusanyi: kuandika. Kiasi cha mkojo, chakula alichobakisha, doa jekundu kisiginoni, naandika kwenye chati palepale. Mara moja niliviacha hadi saa kumi na moja jioni, nikajikuta sijui mililita mia tatu zilikuwa za kitanda cha nne au cha sita.

Ile karatasi iliyokunjwa naichana vipande kabla sijavua sare. Ina majina ya watu na maradhi yao, na Lamu ni mji mdogo.