Kufuli lilikuwa limepakwa mafuta

Ufunguo niliokuwa nao haukuingia. Nikausukuma, nikaugeuza, nikaupuliza kana kwamba tatizo ni vumbi. Nilipoinama kutazama vizuri ndipo nikaona kuwa kufuli lenyewe silo. Lile la zamani lilikuwa limeondolewa, na hili lililowekwa mahali pake lilikuwa limepakwa mafuta hadi yakatiririka kwenye komeo. Nilinusa vidole. Mafuta ya cherehani.

Miaka 22 nilikuwa sijakanyaga nyumba ile ya bibi. Nilikwenda kupiga picha tu, kwa sababu ndugu walikuwa wameanza kuzungumzia kuiuza, na nilijua wakishaanza hawachelewi. Ile harufu ndiyo iliyonikalisha kizingitini. Niliona miguu ya bibi ikikanyaga pedeli, mimi nikiwa nimejificha chini ya meza ya cherehani nikihesabu vipande vya nyuzi sakafuni. Harufu ina njia yake ya mkato ubongoni: hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, wakati yale tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza kituo kingine. Kwa hiyo ukienda kwenye nyumba ya utotoni usijishangae ukilengwa na machozi kwa sababu ya kitu kidogo kama mafuta au mbao iliyolowa. Kaa chini, yaache yapite. Kamera itasubiri.

"Unamtafuta nani?"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, na mwenye sauti akafuata akiwa na ngazi begani. Kabla sijaiona sura nilimjua kwa mwendo, ule wa kuuvuta kidogo mguu wa kushoto.

"Shikamoo, baba mdogo."

Aliiteremsha ngazi taratibu, akaiegemeza ukutani. "Marahaba. Wewe ni yupi? Wa pili?"

"Wa mwisho."

"Kipaji cha uso ni cha kaka," akasema, akakaa kimya.

Hapo ni lazima nieleze kitu. Nyumbani kwetu jina la baba mdogo lilikuwa halitajwi. Nilikua nikijua habari yake moja tu: bibi alipougua, yeye alibeba cherehani akaondoka nayo bila kumwambia mtu, na msibani hakuirudisha. Marehemu baba hakuwahi kulizungumza. Mama alilizungumza kwa niaba ya wote wawili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa limeshafanyika kabla sijaondoka nyumbani kwangu: sikuuliza nani anaitunza ile nyumba. Nilidhani haina mtu. Nyumba isiyo na mtu huharibika upesi. Majani huziba mifereji ya paa, maji hukosa pa kwenda yakashuka ukutani, madirisha yaliyofungwa hufuga unyevu, unyevu ukaleta ukungu, na mbao zikaanza kuoza kwa ndani huku rangi ya nje ikikudanganya. Kama ukifika ukakuta paa halivuji na hewa ya ndani haikukabi, jua kuna mtu. Baba mdogo alikuwa akija kila mwezi kufungua madirisha na kusafisha mifereji. Mimi nilifika na ufunguo usiofungua chochote, nikijiita mwenyeji. Basi ulizia kabla hujaenda, na ukiambiwa hakuna mtu, uliza tena kwa mwingine.

La cherehani lilikuwa limenikaa kooni. Dakika tano za kwanza nilikuwa naliandaa, hata maneno nilishayapanga. Nashukuru kwamba alinitangulia: "Nishikie ngazi." Nikamshikia. Akapanda, akawa anachota majani yaliyooza kwenye mfereji na kunirushia chini, nami nikiyasukuma kando kwa mguu. Watu waliokaa uso kwa uso baada ya miaka mingi hujikuta mahakamani, lakini wanaofanya kazi pamoja huzungumza huku macho yao yako kwenye kazi. Ukikutana na ndugu kwa namna hii, tafuta cha kushika. Kunja shuka, hamisha kiti, fagia. (Ukifagia mahali palipofungwa muda mrefu, jifunge kitambaa puani na unyunyize maji kwanza, maana vumbi la kinyesi cha panya si la kuvuta. Na viatu vya kufunika mguu, tafadhali.)

La pili nililojifunza pale kwenye ngazi ndilo ninalowaambia wote wanaoniuliza: ulizia vitu, usiulizie ugomvi. Ukimwuliza mtu "kwa nini mligombana?" atajitetea. Ukimwuliza "hili dirisha mbona dogo kuliko mengine?" atacheka. Baba mdogo alicheka kweli. Babu, akasema, aliokota fremu mahali, akakataa kuitupa, na badala ya kutengeneza fremu ya kuenea tundu akaliziba tundu lienee fremu. "Mama alinuna wiki nzima." Kutoka dirishani tukaingia chumbani, nani alilala wapi, nani alikojoa kitandani hadi umri gani (sitaji). Ukumbi niliokuwa nikiukimbia mpaka nahema, niliupima kwa hatua saba. Tukafika kwenye kitanda cha bibi cha siku za mwisho, na cherehani ikajileta yenyewe.

Alisema bibi ndiye aliyemwambia aichukue. Ilikuwa inakata uzi, akamtuma kwa fundi. Fundi akaiweka, akasubiri kipuri, kipuri hakikuja, na bibi akafariki mashine ikiwa bado imefunguliwa vipandevipande. "Ningerudi msibani na nini, mwanangu? Na gunia la vyuma?" Siku ya pili ya msiba akasikia mtu ukumbini akisema neno "mwizi". Akaondoka. Mashine ilitengenezwa baadaye, ipo kwake, imefunikwa kitambaa, na kila akiipaka mafuta hubakiza kidogo kwa ajili ya kufuli.

Je, nilimwamini? Karibu yote. Ila sikumwambia hivyo, wala sikumwambia kwamba mama anasimulia vingine. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alichapisha matokeo ya jaribio rahisi: aliwapa watu hadithi ngeni kwao, kisha akawaomba waisimulie mara kadhaa, nyingine baada ya muda mrefu. Kila waliporudia, yale yasiyowaingia akilini yalipungua au yakageuka kufanana na waliyoyazoea, na wasimuliaji hawakuwa waongo. Mama ameisimulia cherehani miaka 22 akiwa na hasira. Baba mdogo ameisimulia miaka hiyohiyo, peke yake, akiwa na aibu. Mimi niliyekuwa chini ya meza nikihesabu nyuzi nina haki gani ya kuhukumu saa nane mchana nikiwa na majani yaliyooza viatuni? Usiamue siku hiyo. Na usimpigie mtu simu ukiwa hapohapo ukamwekea mwenzake sikioni. Nilitamani sana kufanya hivyo, na naamini ningeharibu.

Nilimwomba ruhusa nirekodi. Akakataa. Baada ya chai ya kikombe kimoja tukipokezana akasema, "Haya, washa." Omba waziwazi na ukubali kukataliwa, kwani simu iliyofichwa mfukoni ikija kujulikana hutaaminiwa tena. Jaribu kwanza dakika moja usikilize kama sauti inasikika, na ukifika nyumbani weka nakala mahali pawili. Picha za ukutani tulizishusha pamoja. Moja ilikuwa imegandana na kioo chake. Usiibandue, utaacha nyuso kwenye kioo. Ipige picha ikiwa hapohapo. Zile zilizotoka salama nilimwandikisha majina kwa nyuma, kwa penseli laini, mkono mwepesi, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa pili. Kwenye picha moja ya watu tisa mimi nilijua watatu. Yeye alijua wanane, na yule wa tisa alimkazia macho muda mrefu kisha akasema, "Huyu alikuwa anapita tu."

Sikuchukua kitu siku ile, hata kijiko. Nilipiga kila kitu picha kilipokuwa. Habari ya kuuza nayo sikuifungua. Hati na mirathi vina siku yake na watu wake, na baba mdogo ni mmoja wa watu hao, jambo ambalo katika mazungumzo yetu ya ndugu hakuna aliyekuwa amelikumbuka. Nikiwa mmojawapo.

Nisiseme kana kwamba kila ndugu anafaa kushikiwa ngazi. Kama unayemkuta mlangoni ndiye aliyekuumiza, huna deni la mazungumzo. Salimia uondoke, au ondoka tu. Nyumba utaiona siku nyingine, na kabla ya safari mwambie mtu unakokwenda.

Kabla hatujaachana alitoa ufunguo wa pili kwenye pete yake, ikamchukua muda kwa sababu kucha zake ni fupi, akanipa. Ule wangu wa zamani akauomba. Sikuuliza wa nini.

Nilikaa na habari ile siku nne, kisha nikamweleza mama, yote, kwa mpangilio uleule nilioelezwa, bila kutia neno langu. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Na ile droo yake ya bobini," akauliza, "nayo ipo?"