Maji ya Mtera kushuka kila kiangazi

Je, ule ukanda wa tope lililopasuka unaouona mwezi Oktoba ukingoni mwa Mtera, bwawa la umeme nchini Tanzania, ni dalili ya ubovu au uzembe? Hapana, peke yake si dalili hiyo, kwa sababu bwawa hilo lilijengwa hasa liwe ghala la maji la kituo cha umeme cha Kidatu, kilichoko chini yake kwenye mto Ruaha Mkuu: hujazwa na mvua za Desemba hadi Aprili, kisha maji hufunguliwa kidogo kidogo kiangazi chote. Likijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa kuzalishia umeme ni mita 690, kwa hiyo mipango yote ya mwaka hufanyika ndani ya mita 8.5 tu. Maji yaleyale huzungusha kwanza mitambo ya Mtera (megawati 80), halafu ya Kidatu (megawati 204). Cha kuangalia ni usawa wa mwishoni mwa Mei. Bwawa likiingia kiangazi likiwa nusu, hapo kuna tatizo, maana ziwa lenyewe ni pana, halina kina kirefu, na jua la pale hunywa sehemu yake bila kusubiri ratiba.