Usiuze minazi kwa sababu ya picha

Mpwa wangu, mamako amenitumia sauti yako. Wasema Shela nzima yajua mjomba ana hisa katika mkahawa wa Wataliano huko Curaçao, kisiwa cha Karibi, na kwamba wakala amekuahidi kazi ya huku ukimlipa, na malipo utayapata kwa kuuza minazi ya nyanya. Nimekasirika, sikufichi. Lakini picha iliyowafanya muamini hivyo niliituma mimi.

Ni ya tarehe 17 Agosti. Siku hiyo kisiwa hiki humkumbuka Tula, mtumwa aliyewaongoza wenzake kukataa kazi katika shamba la Knip mwaka 1795. Alikamatwa, akauawa tarehe 3 Oktoba mwaka uo huo. Familia ninayoifanyia kazi huacha tambi usiku huo, ikapika vya hapa: jibini la Kiholanzi lililojazwa nyama, waliitalo keshi yena, mchuzi wa mbuzi, na funchi. Funchi ni sima, mpwa wangu! Unga wa mahindi, maji, chumvi, mwiko. Mama mwenye mkahawa husema ni polenta, sima ya kwao, na Waangola nao wana funge yao. Mimi niliisonga kama nyanya alivyonifundisha, na mwanamke mmoja mzee wa hapa akaja mpaka jikoni akanishika mkono, hakusema neno. Baadaye nililia nikisugua sufuria. Picha ilikuwa imeshapigwa.

Wataliano hawa hawanidhulumu. Niliwapikia Malindi miaka mingi, lugha yao nimeipata huko huko hotelini. Kinachonikaba ni karatasi. Mnasema niko Uholanzi. Siko. Curaçao imo katika Ufalme wa Uholanzi, ila tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ina serikali yake, na kibali cha huku hakikupi ruhusa ya kwenda kuishi Amsterdam. Tena kibali chenyewe kiliombwa na mwajiri, kazi ikiwa ni hii na mahali ni hapa. Mkahawa ukifungwa kesho, hisa sina, na kazi ya mlango wa pili siwezi kuingia tu hivi hivi.

Dadako alipoolewa niliwaambia siji, kazi zimenizidi. Nilidanganya. Kibali kilikuwa kinafanywa upya, nikaogopa nikitoka sitarudi. Nikaona aibu kusema, nikatuma pesa za harusi nyingi kuliko nilizokuwa nazo, nyingine za kukopa, ili mtu asiniulize. Deni lile nimelilipa mwaka mzima. Na pesa zile zile ndizo zilizowafanya mseme mjomba ametajirika.

Basi usije. Huyo wakala usimpe hata shilingi moja. Mwambie akutajie mwajiri ni nani na akupe nakala ya mkataba, kisha unitumie niviangalie. Akishindwa, anakuuzia upepo. Minazi ile imewasomesha watu wanne, nami mmojawapo, na ukishaiuza huipati tena.

Ukiwa umeshaamua lazima utoke, basi kaza Kitaliano chako, uongeze Kiholanzi, vyeti vya upishi uvipate kabla ya pasipoti. Huku wenyewe wanazungumza Kipapiamentu, hicho utakipata ukifika. Nauli nitachanga nawe. Kusema kweli Jumapili nakula peke yangu, na ningefurahi mno kukuona ukikaa upande wa pili wa meza. Lakini si kwa minazi ya nyanya. Kwa minazi, kaa nyumbani, na ukija hivyo sitakupokea uwanjani.

Hapana, nitakupokea. Ila usije hivyo.

Nikitoka kazini saa tano usiku, kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi, na mamako huwa ameshaamka. Habari ya harusi nitampigia nimwambie mwenyewe. Wewe usinitangulie.