Mista In anakujibu: acha kukariri vihusishi

Juzi usiku dada mmoja msomaji kanitumia picha ya daftari lake. Zoezi la Kiingereza la kupigia mstari vihusishi, vile vineno kama "in" na "at", maswali 10, kapata 3. Chini kaandika: "Ticha shikamoo. Vihusishi vyote ninavyo kichwani, mbona bado nakosa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilijiona mimi mwenyewe wa kidato cha kwanza.

Shule ya msingi nilisoma kijijini, kwa Kiswahili. Kufika sekondari, ghafla kila kitu Kiingereza. Nikanakili orodha ya vihusishi, "in", "on", "at", "before", "after" na ndugu zao, nikaibandika ukutani bwenini. Nilikuwa naiimba hata nikifua. Siku ya jaribio likaja swali: kwenye "He came in", neno "in" ni la aina gani? Nikajaza kihusishi bila wasiwasi. Mwalimu akaniita mbele ya darasa. "In nini? Sema, in nini?" Nikabaki nimekodoa macho. Darasa zima likaangua kicheko, na kuanzia hapo hadi kidato cha nne nikaitwa Mista In. Kwenye grupu la WhatsApp la wenzangu wa darasa ndilo jina langu mpaka leo, na sitawadanganya, linaniuma kidogo. Ila yule aliyecheka kuwashinda wote, mwanawe namfundisha twisheni mimi kila Jumamosi. Na ada analipa mapema.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba mwalimu, pamoja na ukali wake, alikuwa amenipa jibu. In nini? Kihusishi cha Kiingereza kwa kawaida hushika nomino au kiwakilishi: "in the house", "in it". "He came in" haina cha kushikwa, basi "in" hapo ni kielezi. Na neno likifuatwa na kipande chenye mtenda na kitenzi chake, neno hilo ni kiunganishi. Dada yetu alipigia mstari "after" kwenye "After we ate, we slept". Kimefuata nini? "We ate". Watu na tendo lao. Kwa hiyo si kihusishi.

Kwenye "before" Kiswahili chenyewe kinakusaidia. Tunasema "kabla ya chakula", lakini "kabla hajafika". Ukiona "ya" imejitokeza, mara nyingi Kiingereza kina kihusishi. Ikitoweka, ni kiunganishi. (Kwa "after" usiitumie mbinu hii, maana sisi "baada ya" tunaiweka kila mahali.)

Kwingine Kiswahili ndicho kinachotuponza. Nipo sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni: "sokoni" ni ile ile, kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Mwingereza anataka "at", "to" na "from". Hatujazoea kuvitazama hivi vineno, ndiyo maana tunavipachika hata pasipohitajika, tunasema "discuss about" kumbe "discuss" inajitosheleza.

Jamani, vijana, orodha haikusaidii kitu. Neno halina kabila mpaka liketi kwenye sentensi. "Water" ni nomino ukiinywa, ni kitenzi kwenye "water the flowers". Tazama jirani yake. Narudia: tazama kinachofuata. Mnataka kazi nzuri, mnataka kusoma nje, halafu dakika 10 za kutazama jirani wa neno hamna?

Nilimwambia dada arudie zoezi. Jana jioni kaleta 8. Mawili aliyokosa yote ni ya "to": "I want to see you" na "I look forward to seeing you". Nikamwambia aweke "Sunday" baada ya "to". "I look forward to Sunday" inakubali, basi hicho ni kihusishi. "I want to Sunday" inagoma, kwa sababu "to" hiyo ni ya kitenzi tu. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Kumbe ndiyo maana barua zangu zote za kazi nimeandika 'look forward to hear'!"

Hata mimi, dada yangu. Zangu zilikuwa kumi na moja.