Uliza Ujibiwe: Mkono haunyanyuki, ugonjwa uko kichwani

Wapenzi wasomaji, meseji za mwezi huu nyingi zimeangukia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Nimechagua tano na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu huko nyumbani ndugu wanavutana hivi sasa na kila siku wanayovutana ni siku ya mazoezi ambayo mgonjwa anaikosa.

Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, alikuwa mvuvi, tuko Tanga. Wiki 5 zilizopita aliamka alfajiri aende kutawadha akaanguka, mkono na mguu wa kulia vimelala na mdomo umekwenda upande. Hospitali wakasema ni kiharusi upande wa kushoto wa kichwa. Baba wadogo wanasema wamekosea, mbona kilicholala ni kulia? Alafu kuna jambo linatutisha, baba hawezi kusema hata neno "maji", anahangaika mpaka machozi yanamtoka, lakini mtu akianza Alfatiha anaifuata yote mpaka amin, na juzi alijigonga mguu akatoa tusi zima limenyooka. Shangazi anasema huyo sio mgonjwa wa hospitali, kuna kitu kimemkalia kinamchagulia la kusema. Wanataka tuache mazoezi, tumkande mafuta ya karafuu tu mkono wake na tumpeleke kwa mganga. Tufanyeje? Binti wa kwanza, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole sana, kumuona baba aliyekuwa anavuta nyavu leo anashindwa kuomba maji sio kitu kidogo.

Hospitali hawajakosea. Peleka vidole vyako kisogoni, ushuke taratibu mpaka pale fuvu linapoishia na shingo inapoanza. Ndani ya hapo, chini kabisa ya shina la ubongo, ndipo nyuzi zinazobeba amri za mwili zinapovuka njia. Zinaanzia juu kwenye ganda la ubongo, zinashuka, zikifika hapo karibu 9 kati ya 10 zinahamia upande wa pili ndio zinaendelea kushuka kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia na wa kulia unaendesha mkono wa kushoto. Kila binadamu yuko hivyo, wewe, mimi, shangazi pia. Damu ikikosa kufika upande wa kushoto, au mshipa ukipasuka huko, kinacholala ni kulia, na daktari kabla hata ya kuona picha ya sitiskani anajua aanze kuangalia wapi.

Sasa huo mkono wenyewe ni mzima. Mifupa ipo, misuli ipo, damu inapita, kilichokatika ni amri. Ni sawa na nyumba kukosa umeme kwa sababu ya transfoma iliyoko barabarani alafu watu wanashinda wanafuta balbu. Mafuta ya karafuu hayana ubaya, mkandeni kama anapenda, ngozi itapata joto na baba atajua anapendwa, lakini mafuta hayapandi kwenda kichwani kuunganisha kilichokatika.

Nije kwenye hilo la Alfatiha, maana najua ndilo linalowanyima usingizi. Jambo hili lilishaonekana zamani. Hospitali moja ya Paris ilikuwa na mgonjwa aliyekaa humo miaka 21 akiwa na silabi moja tu mdomoni, "tan", kila ukimuuliza anakujibu "tan tan" na kwa mkono anakuonyesha kwamba amekuelewa, lakini akikasirika tusi linatoka bila shida. Alipofariki mwaka 1861 daktari Paul Broca aliufungua ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika, na mpaka leo sehemu hiyo inaitwa kwa jina la huyo daktari. Hapo ndipo kazi ya kutunga maneno inapofanyika kwa watu walio wengi. Lakini sio kila kinachotoka mdomoni kinatungwa. Alfatiha baba yako ameisoma kila siku, kila rakaa, tangu akiwa mtoto chuoni, kwa hiyo haitungi tena, inateremka yenyewe kama mtu anavyohesabu moja mbili tatu au anavyoitikia salamu, na tusi la maumivu nalo ni hivyo hivyo, linafyatuka. Vitu vya namna hiyo vina njia zake kwenye ubongo, na ubongo wa upande wa kulia unasaidia sana, upande ambao kwa baba yako haujaguswa. Neno "maji" ni tofauti kwa sababu inabidi alitafute, alipange, alitume kwenye ulimi, na hiyo barabara ndiyo iliyofungwa.

Kwa hiyo badala ya kuogopa Alfatiha, itumieni. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, waliandika kuhusu njia ya kuwarudishia wagonjwa maneno kwa kuyaimba, na mimi mwenyewe nimekaa na mzee mmoja ambaye hakuwa na neno hata moja, nikamshika mkono wake mzima nikawa naugonga taratibu kwenye paja lake, ma-ji, ma-ji, sauti inapanda inashuka kama mtoto wa madrasa, siku tatu hakuna kitu, ananiangalia tu midomo yangu, siku ya nne akatoa "ma", akanyamaza, akatoa "ji", na mke wake aliyekuwa amekaa mlangoni na kapu akaanza kulia. Anzeni naye pamoja kitu anachokijua, sura fupi, qaswida, kuhesabu, ndio muingize maneno ya shida zake, maji, choo, chakula, moja moja, kwa sauti ya kuimba. Msimmalizie neno haraka. Na msimuongeleshe kama mtoto wala kumjadili mbele yake, kwa unavyoeleza baba anaelewa mengi, na hayo machozi ni ya mtu anayeelewa.

Kuhusu mazoezi nakuomba uwe mkali kwa ndugu zako. Seli zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki jirani zinaweza kujifunza kazi ya wenzao, na zinajifunza kwa kurudia rudia, kushika kikombe mara 50, kufungua kiganja mara 50, kusimama na kukaa. Miezi 3 ya mwanzo ndio ubongo unapokea haraka zaidi na nyie mmeshatumia wiki 5. Baada ya hapo mlango haufungwi, watu wanaendelea kupata nafuu, lakini kwa jasho zaidi. Mkimnyanyua msimvute kwa ule mkono uliolala, bega linachomoka. Akila akae wima, na akikohoa kila akinywa maji warudieni hospitali wampime kumeza, maana maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye mapafu. Dawa ya presha asikose hata siku moja, presha ndiyo inaongoza kuleta kiharusi, cha kwanza na cha pili.

Dua ombeni, hakuna daktari mwenye akili atakayewakataza. Kinachokatazwa ni kuacha dawa na mazoezi ili mpishe dua.

Na wengine mnaosoma, mkiona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja haunyanyuki au maneno yamevurugika, angalieni saa hapo hapo na mtafute gari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina mwisho wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima sitiskani itangulie kwa sababu kama ni mshipa umepasuka dawa hiyo inaua. Asipewe aspirini, asipewe uji, asichanjwe. Kila dakika mshipa ukiwa umeziba zinakufa seli za ubongo zinazokadiriwa kufika milioni 1.9.

Dokta mambo, mimi bodaboda Mbagala. Kidole cha mwisho na cha pili yake mkono wa kushoto vinakufa ganzi, usiku nashtuka kabisa. Nimenunua dawa ya kuchua napaka vidole wapi. Au ndio kiharusi kinaanza?

Poa mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza sio kiharusi, na vidole havina kosa. Ukishawahi kugonga kiwiko ukasikia shoti inakimbia mpaka kidole cha mwisho basi umeshakutana na mshipa wa fahamu wenyewe, unapita nyuma ya mfupa wa kiwiko ukiwa umefunikwa na ngozi tu, alafu unakwenda kuhudumia kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pili yake. Ukilala umekunja mkono chini ya kichwa, ukiongea na simu muda mrefu, ukiegemea kiwiko kijiweni ukisubiri abiria, unaubana. Usiku zungushia kiwiko taulo au kanga ili mkono usikunjike, fanya hivyo wiki kadhaa, na pima sukari maana sukari nayo inaharibu mishipa. Ukiona nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada inabonyea, au huwezi kubana karatasi katikati ya vidole, usisubiri wiki nyingine, nenda hospitali. Na siku yoyote ganzi ikija ghafla pamoja na mdomo kupinda au maneno kuvurugika, rudi kwenye jibu la juu.

Jirani yetu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, chini ya goti. Sasa usiku analia kwamba vidole vya mguu ule ule vinamuuma, vimejikunja. Watoto wake wanasema anadeka au amechanganyikiwa. Inawezekana kweli kuumwa na mguu uliozikwa? Mama Asha, Zanzibar

Inawezekana Mama Asha, na nakuomba uwaambie hao watoto mapema kwa sababu mgonjwa asiyeaminiwa anaumwa mara mbili.

Juu ya ubongo kuna kama ramani ya mwili mzima, mguu una eneo lake, kiganja kina eneo lake kubwa, midomo hivyo hivyo. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliichora miaka ya 1930 kwa kugusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme mdogo wakiwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu, na mgonjwa anamwambia hapo nimesikia kwenye kidole, hapo kwenye ulimi. Sasa daktari wa upasuaji akikata mguu hakati ramani. Lile eneo la vidole bado lipo linasubiri habari, na ncha za mishipa iliyokatwa kwenye kigutu nazo zinatuma fujo, na ubongo unaisoma hiyo fujo kwa anwani ile ile ya zamani, vidole. Askari wa Marekani waliokatwa viungo kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe walieleza hivyo hivyo na daktari wao Silas Weir Mitchell akaandika.

Kuna dawa za maumivu ya mishipa ambazo daktari anaweza kumpa, panadoli pekee mara nyingi haitoshi. Kuna na kioo. Kioo cha kawaida kirefu, kisimamishwe katikati ya miguu aone kivuli cha mguu mzima pale ulipokuwa ule mwingine, alafu akunjue vidole taratibu huku anatazama kwenye kioo. Macho yanauonyesha ubongo mguu uliolegea, na baadhi ya watu ule mkunjo unaachia. Ajaribu dakika 10 au 15 kila siku, na fisio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akisimamia ni vizuri zaidi.

Eti tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Mwanafunzi, Morogoro

Hapana. Ubongo una kama kilo 1.3 hadi 1.4, ni asilimia 2 tu ya uzito wako, na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili, mwili hauwezi kulisha hivyo kitu ambacho tisa ya kumi yake imelala. Rudi kwenye swali la kwanza uone, kipande kidogo kimeharibika na mtu mzima amepoteza neno "maji".

Dokta mimi ni mwalimu wa darasa la 4. Nina mwanafunzi ana kifafa, juzi alianguka jikoni shuleni pembeni ya moto na wapishi wote wakakimbia, wakasema mate yake na hewa anayotoa vinaambukiza. Nilimvuta peke yangu. Sasa na mimi wananiogopa. Ni kweli nimeambukizwa?

Mwalimu, hujaambukizwa kitu na mate hayaambukizi kifafa. Mungu akubariki kwa kumvuta.

Seli za ubongo zinaongea kwa umeme mdogo mdogo, kila kundi kwa zamu yake. Kwenye kifafa kundi kubwa linafyatua kwa pamoja bila mpangilio, ndio mwili mzima unakakamaa na kutikisika ingawa mikono na miguu haina ugonjwa wowote. Chanzo kinaweza kuwa shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe ambayo mtu ameyameza kwenye chakula kichafu, na kwa wengi chanzo hakijulikani.

Huo woga wa mate sio wa shuleni kwenu tu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Mahenge huko Morogoro karibu na mwaka 1960 akakuta wenye kifafa wamebaki na makovu ya moto kwa sababu wakiangukia mafiga hakuna anayethubutu kuwagusa, akaanzisha kliniki yao na wengi waliopata dawa wakatulia. Leo inakadiriwa mpaka 70 kati ya wagonjwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na wakiinywa kila siku, kwa hiyo ongea na wazazi, muulize mama yake anakunywa dawa gani na zimeisha lini.

Akianguka tena, angalia saa. Sogeza moto, mawe na madawati, muwekee kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu na usimuwekee kijiko mdomoni, meno yatavunjika na ulimi haumezwi. Akitulia mlaze ubavu ili mate yatoke. Ikipita dakika 5 hajatulia, au anaanguka tena kabla hajapata fahamu, hapo ni gari na hospitali. Akizinduka atakuwa hajui alipo, mwambie wewe ni nani na yuko wapi, muache alale, na weka kaptula ya akiba kwenye kabati lako, maana mara nyingi anakuwa amejikojolea na ni vizuri awe ameshabadilisha kabla wenzake hawajarudi darasani.