Mbunge wetu anauliza nini Kinshasa?

SWALI: Jambo Papa Mhariri. Nauza unga soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mbunge tuliyemchagua simsikii akisema bungeni. Nitajuaje kama anafanya kazi?
Mama wa Katuba

JIBU: Jambo sana, Mama. Usimpime kwa sauti yake. Wabunge ni 500, na wengi hawapati kipaza sauti kila siku. Mpime kwa karatasi. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2006 kinampa haki ya kumuuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi, na hata kumwita ajieleze mbele ya wote. Mwaka mmoja mbunge alikuja mtaani kwetu, nikamwomba anionyeshe swali lake juu ya barabara. Akatoa nakala kwenye bahasha iliyokunjamana, mhuri wa bluu pembeni, tarehe inasomeka. Nililishika lile karatasi kwa furaha, nakwambia kweli.

Muulize pia juu ya sahihi. Hoja ya kumwangusha waziri inataka sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50. Je, jina lake lilikuwamo? Na bajeti ilipopigiwa kura, alikuwa ukumbini?

Kikao cha Machi kinafungwa 15 Juni, cha Septemba 15 Desemba. Akirudi likizo, mwendee na majirani, mumuulize kwa Kiswahili. Ni lugha ya taifa, ajibu kwa hiyo hiyo.