Jicho la kushoto haliendi nje, akitazama kulia linakuwa dogo: ni kupooza?

Swali: Binti yangu ana miaka 3. Akitazama mbele macho yako sawa, ila jicho la kushoto haliendi upande wa sikio, na akitazama kulia ni kama analifinya. Tumeambiwa neva imepooza. Je, operesheni itasaidia?

Jibu: Mama, hapo uliposema "analifinya" ndo penyewe. Neva ya sita, ile inayopeleka jicho upande wa sikio, ikipooza jicho kweli haliendi nje, ila halifinyiki akitazama upande wa pili, tena mara nyingi linakuwa limevutika puani hata akitazama mbele.

Hii inafanana sana na sindromu ya Duane, aina ya 1. Ni ya kuzaliwa nayo. Neva ya sita haikuumbika vizuri tumboni, basi ule msuli wa nje wa jicho ukaunganishwa na tawi la neva ya tatu, lile ambalo kazi yake ni kuvuta jicho kuelekea puani, kwa hiyo akitazama kulia msuli wa ndani na wa nje inavuta kwa pamoja, jicho linarudi nyuma kwenye tundu lake na kope zinakaribiana. Hafinyi yeye, hana hata habari. Wengine jicho huruka juu au chini ghafla.

Fungua picha zake za uchanga kwenye simu. Kama uso kaugeuza kushoto huku macho yanatazama kamera, alianza zamani, anageuza ili macho yote mawili yafanye kazi pamoja. Msimnyooshe shingo kwa nguvu jamani, na akianza chekechea akae upande wa kushoto wa darasa ili ubao uwe kulia kwake.

Ila kama jicho lilikuwa linaenda vizuri halafu likaacha, au anaumwa kichwa na kutapika, hiyo si Duane, nenda hospitali leo leo.

Operesheni haitalirudishia jicho mwendo wake, hilo nisikufiche. Tunaifanya shingo ikigeuka sana, au kengeza likionekana akitazama mbele, au jicho likiruka vibaya. Kwa sasa apimwe uwezo wa kuona kila jicho peke yake, maana likizembea tunampa miwani au tunaziba lile zima, na masikio pia yapimwe, wachache wenye Duane huwa hawasikii vizuri.